Kupeleka mashine ya Karl Fischer Sabasaba: banda, vipimo mbele ya watu, na tangazo la toleo jipya

Mgeni akisimama mbele ya banda lako na kuona namba imetokea kwenye skrini, hana sababu ya kuiamini. Hajui sampuli imetoka wapi, wala kama mashine isingeandika namba hiyohiyo hata ungeidunga kitu kingine kabisa. Kwa hiyo pima kwanza, hadharani, sampuli ambayo jibu lake limeandikwa kwenye cheti, ndipo ufuatishe ile isiyojulikana. Maandalizi yote yanayofuata ni kwa ajili ya dakika kumi hivi za vipimo hivyo.

Mashine tunayoizungumzia ni Karl Fischer ya kulometri, inayopima maji machache ndani ya mafuta na vimumunyisho. Uwanja ni Sabasaba, yaani Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, yanayoandaliwa na TanTrade kwenye Viwanja vya Mwalimu Julius K. Nyerere, Barabara ya Kilwa, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai. Adui wa mashine hii ni unyevu, na Dar ni pwani. Hata kipupwe hewa yake ni nzito. Mambo mengi yanayoharibika bandani yanatokana na hilo.

Hesabu tatu za kwanza

Mashine ya kulometri haina bureti, yaani mrija wa kumwagia kemikali kwa kipimo. Inatengeneza iodini kwa umeme ndani ya seli (chombo cha kioo kinachodungwa sampuli), iodini inakula maji, na umeme uliotumika ndio unaohesabiwa. Miligramu 1 ya maji hutumia kulombi 10.71. Kwa mkondo wa mA 400, mashine hula takriban mg 2.24 za maji kwa dakika. Mweleze mgeni kwamba mashine inahesabu umeme, na ataelewa upesi kuliko ukianza na mlinganyo wa kemia.

Hesabu ya pili ni ya hewa. Katika nyuzi 27 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 75, kila mL 1 ya hewa ina µg 19 hivi za maji. Sasa chukua mL 5 za mafuta ya transfoma, gramu 4.4, yenye maji mg 15 kwa kilo: jumla ya maji ni µg 66. Kiputo cha hewa cha mL 1 kikibaki ndani ya sirinji kinaongeza karibu theluthi nzima ya jibu, na hakuna atakayekiona kwenye skrini.

Ya tatu ni drifti, yaani maji yanayopenya kwenye seli kila dakika wakati hakuna sampuli. Drifti ya µg 10 kwa dakika, kipimo kikichukua dakika tatu, ni µg 30. Mashine huitoa kwenye jibu yenyewe, lakini hutoa ile iliyoipima kabla ya kuanza. Ikipanda kutoka 10 hadi 20 mara tu kipimo kinapoanza, kwa sababu septa (kifuniko cha mpira kinachopitisha sindano) imetoboka, µg 30 za ziada zinaingia kwenye jibu la mteja.

Hesabu hizi ndizo zinazoamua upime nini. Mafuta ya transfoma yanavutia wahandisi wa umeme, ila ni sampuli ngumu kuionesha katikati ya msongamano. Kipimo cha kila saa kiwe cha mafuta ya kula, kwa mfano ya alizeti: yakiwa na maji asilimia 0.08, gramu 1 tu inatoa µg 800, na kosa la µg 20 halileti aibu. Mafuta ya transfoma yapimwe mara mbili kwa siku, kwa miadi, saa ambazo banda limetulia. Kwenye ratiba ya banda andika saa kwa namna zote mbili, “saa 4 asubuhi, 10:00”, kwa kuwa mgeni kutoka nje akiambiwa saa nne atakuja saa kumi jioni.

Vibali na mizigo

Anza miezi miwili kabla. Kitendanishi kingi cha Karl Fischer, yaani kemikali inayojazwa kwenye seli, kina methanoli, na methanoli husafirishwa kama bidhaa hatarishi namba UN 1230, daraja la 3, pamoja na hatari ya pili ya 6.1. Kuichomeka kimyakimya ndani ya kreti la mashine ni njia ya uhakika ya kuacha kreti zima likizuiwa. Nchini Tanzania kemikali za viwandani ziko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003. Kibali cha kuingiza na cha kusafirisha kinaombwa huko. Kama una wakala mwenye usajili Dar, njia nyepesi ni kununua kitendanishi kwake na kusafirisha mashine peke yake.

Mashine inayokuja kuoneshwa na kurudi iingizwe kwa utaratibu wa uingizaji wa muda, unaoruhusiwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Namba ya mashine kwenye hati ilingane na iliyobandikwa nyuma yake, herufi kwa herufi. Herufi O ikiandikwa mahali pa sifuri, mzigo unaweza kukwama siku nzima.

Kwa siku kumi na tano za banda beba: lita 3 za kitendanishi cha seli isiyo na diafragmu (kiwambo cha kutenganisha sehemu mbili za seli), boksi mbili za ampuli za sampuli rejea, ile yenye cheti, ya maji mg 1.0 kwa gramu, na ampuli chache za mg 0.1 kwa gramu, septa 20, visumaku vya kukorogea 2 vya akiba, elektrodi ya pili ya kuonesha mwisho wa titresheni (pale iodini inapomaliza kula maji), zeolaiti (chembe za kunyonya unyevu) ya tundu la nm 0.3 gramu 250, iliyokaushwa na kufungwa vizuri. Sirinji za kioo za mL 1 na mL 5, tatu kila moja. Glavu za nitrili. Chupa ya taka ya lita 5 yenye lebo. Na mizani inayosoma hadi mg 0.1. Seli iende na elektrodi zikiwa zimetolewa, kila moja kwenye kifuko chake. Pini za platinamu hupinda kwa urahisi mno.

UPS, yaani betri ya akiba, ya VA 1000 inatosha mashine na mizani. Umeme ukikatika na jenereta kuwaka, mashine isiyo na UPS hujizima na kuanza upya, nawe unaweza kupoteza saa nzima ukiikausha seli tena. Plagi ni za pini tatu za mstatili. Adapta zenye waya wa ardhi, si zile bapa za bei ya chini.

Toleo jipya la programu lisiende bandani likiwa bichi

Hapa ndipo kampuni nyingi hujiumiza. Toleo hukamilika Juni, Sabasaba ni Juni, basi fundi analiweka usiku wa kuamkia ufunguzi. Funga mlango huo wiki mbili kabla: baada ya tarehe hiyo hakuna kinachobadilishwa kwenye mashine ya maonesho, hata kitufe kimoja.

Kabla ya kuweka toleo jipya, nakili mbinu zote na matokeo kwenye flashi. Piga vipimo sita vya sampuli rejea kwa toleo la zamani, weka jipya, piga vingine sita kwa ampuli za bechi ileile, siku ileile, mtu yuleyule. Linganisha wastani na mtawanyiko. Wastani ukihama kuliko mtawanyiko wenyewe unavyoruhusu, angalia kwanza kigezo cha kusimamisha titresheni. Sasisho huweza kurudisha kigezo hicho kwenye chaguo la kiwandani bila onyo, na mashine ikaanza kusimama mapema au kuchelewa. Angalia pia saa ya mashine. Ikiwa bado iko kwenye saa za Ulaya, kumbukumbu zote za ukaguzi zitaonesha kipimo kilifanyika saa ambayo maabara ilikuwa imefungwa.

Tangazo la toleo kwa wateja ligawe mabadiliko katika mafungu matatu, kwa mpangilio huu: yanayoweza kubadilisha namba, yanayobadilisha kumbukumbu, na yanayobadilisha sura ya skrini tu. Mauzo watataka la tatu liwe juu kwa kuwa linapendeza. Wakatalie. Mkuu wa maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025 ya 2017, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, anabanwa na kifungu 7.11.2: mabadiliko ya programu, hata ya kununuliwa dukani, yaidhinishwe, yaandikwe na yathibitishwe kabla ya kutumika. Anachotafuta kwenye karatasi yako ni hiki: je, mahesabu yamebadilika? Makadirio ya desimali? Urekebishaji wa drifti? Mbinu zangu za zamani zitafunguka? Nikitaka kurudi nyuma, inawezekana? Mjibu hayo matano kwa sentensi moja moja na umpe matokeo ya vile vipimo kumi na viwili. Usiandike “maboresho mbalimbali”. Neno hilo linamlazimisha athibitishe mashine nzima upya, kwa gharama yake.

Kama habari yako ni ya kitendanishi kipya, uwe mkweli hivyohivyo. Karl Fischer alichapisha njia yake mwaka 1935 akitumia piridini, yenye harufu mbaya. Baadaye imidazoli ikachukua nafasi yake. Sasa imidazoli yenyewe imewekwa Ulaya katika kundi la vitu vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na watengenezaji wametoa vitendanishi visivyo nayo. Kinamama wengi hufanya kazi kwenye maabara zetu, kwa hiyo habari hii ina uzito wake. Lakini useme pia kwamba kuondoa imidazoli hakuondoi methanoli wala dioksidi ya salfa, na kwamba mteja atahitaji kuthibitisha mbinu yake upya.

Siku moja kabla ya kufungua

Weka meza mbali na mlango, mbali na feni, na usiiweke chini ya tundu la kiyoyozi. Mizani iwe kwenye meza yake; meza ambayo wageni wataegemea viwiko haipimi miligramu. Iwashe angalau saa moja kabla ya kazi. Kizima moto cha kaboni dioksidi au cha unga kiwe karibu: methanoli hutoa mvuke unaoweza kuwaka kuanzia nyuzi 11 hivi, yaani wakati wote ukiwa Dar.

Jaza seli mL 100 za kitendanishi, weka zeolaiti mpya kwenye bomba la kukaushia, paka maungio ya kioo grisi nyepesi, washa ukorogaji hadi uone kizingia kidogo bila mapovu, na uache mashine ijikaushe. Lenga drifti iliyo chini ya µg 10 kwa dakika. Juu ya 20 usianze. Inaweza kuchukua nusu saa, au saa mbili kama seli ilifunguliwa kwenye hewa nzito.

Drifti ikigoma kushuka, usibadilishe kitendanishi haraka. Itazame inavyokwenda, maana kila ugonjwa una mwendo wake. Ikishuka kisha ikakwama juu kidogo, maji yamejificha kwenye kuta za kioo juu ya kimiminika: simamisha ukorogaji, inua seli na uizungushe polepole mpaka kitendanishi kioshe kuta zote, halafu rudisha. Utaiona ikipanda ghafla, kisha ikishuka chini kuliko ilipokuwa. Ikishuka vizuri na kupanda tena kila baada ya muda, hewa inaingia: badilisha septa, kaza maungio, angalia zeolaiti. Septa iliyodungwa mara 30 au 40 imeshakuwa kichungi. Ikipanda pole pole siku baada ya siku bila kurudi, kitendanishi kimechoka. Na kama drifti hupanda baada ya sampuli fulani tu na haishuki, sampuli hiyo ina kitu kinachoitikia kitendanishi, mara nyingi ketoni au aldehidi, ambazo pamoja na methanoli hutengeneza maji mapya ndani ya seli. Hizo zina kitendanishi chake kisicho na methanoli, zikataliwe bandani.

Rangi nayo inasema. Kimiminika kilicho tayari kina manjano hafifu. Kikiwa kahawia iliyokolea, mashine inaendelea kutengeneza iodini bila kujua kwamba maji yameisha: elektrodi ya kuonesha imechafuka au waya wake umechomoka. Pangusa pini kwa karatasi laini, suuza kwa methanoli, chomeka tena. Kinyume chake, mashine ikidai seli ni kavu mara tu baada ya kujazwa, pini mbili za elektrodi zimegusana. Ndiyo sababu ya kubeba ya akiba.

Kipimo chenyewe

Vaa glavu kavu. Usitumie kitakasa mikono kisha ukashika septa papo hapo, kwani nacho kina maji. Tikisa ampuli ya mg 1.0 kwa gramu, ivunje mbele ya wageni, na usome kwa sauti thamani iliyo kwenye cheti. Vuta kiasi kidogo kwenye sirinji, suuza, mwaga kwenye chupa ya taka, kisha jaza. Elekeza sindano juu, gonga kioo kwa kidole mpaka kiputo kipande, kisukume nje, halafu vuta nyuma kidogo ili tone la mwisho lirudi ndani ya sindano. Pangusa sindano. Weka sirinji kwenye mizani, bonyeza sifuri.

Dunga gramu 1 hivi kupitia septa, ncha ikiwa imezama kwenye kimiminika, bila kugusa elektrodi. Vuta tena nyuma kidogo, toa, rudisha sirinji mizanini. Namba hasi inayotokea ndiyo uzito halisi uliodungwa. Iandike yote, desimali nne. Kosa la kawaida hapa ni mtu kuandika ujazo aliokusudia badala ya uzito uliotoka. Lingine ni kusahau kupangusa, na tone lililoning'inia likapimwa kama limeingia.

Mgeni anayesubiri aangalie mstari wa maji ukipanda na kulala. Kwa sampuli rejea hii, jibu kati ya asilimia 97 na 103 ya cheti linakubalika. Likitoka nje, sema limetoka nje, rudia mbele yao, na kama la pili nalo limetoka, funga kipimo cha saa hiyo na utafute tatizo. Wageni wanaoendesha maabara watakuheshimu kwa hilo. Wanalijua tatizo hilo vizuri. Ampuli iliyofunguliwa haina kesho: baada ya dakika chache imeshakunywa hewa.

Ndipo uweke mafuta ya alizeti, gramu 1, mara mbili, na uoneshe majibu yote mawili, si lile zuri. Mafuta hayayeyuki vizuri kwenye methanoli. Ukiona tabaka limeelea juu, elektrodi inapima kimoja na maji yamebaki kwenye kingine. Tumia kitendanishi chenye alkoholi ya mnyororo mrefu wa kaboni, na ubadilishe kitendanishi ndani ya seli mafuta yanapofika mL 30 ndani ya mL 100. Kloroformu huyeyusha vizuri zaidi, lakini banda halina kabati la kuvuta hewa chafu, iache maabara.

Wasindikaji wa mafuta watauliza kwa nini namba yako ni ndogo kuliko ya tanuri lao. Viwango vya Codex, vile vya kimataifa vya chakula, kwa mafuta ya kula huweka kikomo cha asilimia 0.2 kwa kila kinachopotea kwenye nyuzi 105, na humo hupotea maji pamoja na vitu vingine vinavyoruka. Karl Fischer inahesabu maji peke yake. Njia zote mbili ziko sawa, zinapima vitu tofauti, na usimwambie mteja atupe tanuri wakati mkaguzi wake anadai namba ya tanuri. Watu wa transfoma waoneshe kikomo cha IEC 60296, kiwango cha kimataifa cha mafuta ya vifaa vya umeme, kwa mafuta mapya, mg 30 kwa kilo yakiletwa kwa wingi na 40 yakiwa kwenye mapipa, na wakumbushe kwamba njia ya kupima iko kwenye IEC 60814.

Sampuli za wageni

Watakuletea mafuta kwenye chupa za maji ya kunywa. Ukiyapima, umepima matone yaliyobaki chupani, na mteja ataondoka akiamini mafuta yake ni mabovu. Andaa vichupa vya kioo vya mL 20 vilivyokaushwa kwenye nyuzi 105 na kufungwa vikiwa bado na joto. Mpe mtu kichupa, mwambie akijaze hadi shingoni, akifunge, arudi siku mnayokubaliana. Jibu utakalompa liandikwe “onesho”, bila mhuri, bila nembo ya maabara. Si cheti, na asije akalipeleka Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Unapochukua namba yake ya simu, mwambie utaitumia kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inadai hivyo. Kando ya jina andika mambo manne ambayo kadi ya biashara haina: anapima nini, anategemea maji kiasi gani, sampuli ngapi kwa siku, na umeme wake ukoje. Anayetarajia maji ya asilimia 10 na kuendelea, kama asali, hahitaji kulometri hata kidogo. Mwelekeze kwenye mashine ya bureti hata kama hamuiuzi.

Kufunga

Mwaga seli kwenye chupa ya taka, suuza kwa methanoli mara mbili, acha kioo na elektrodi zikauke kwa hewa ya uvuguvugu isiyozidi nyuzi 50. Zeolaiti iliyochoka hurudishwa uhai kwenye tanuri la nyuzi 300 usiku kucha, kwa hiyo usiitupe. Taka haimwagwi kwenye mtaro wa uwanja. Iondoke na mwenye kibali cha kukusanya taka hatarishi, na risiti yake iwekwe pamoja na hati za forodha, kwenye faili moja, kabla kreti halijapigwa misumari.